SOMO LA UFUNDI: PIMENI INJINI KABLA YA KUNUNUA SPEA

Somo la leo ni juu ya injini iliyokufa ya gari la zamani. Huku Mbeya na Iringa bado yapo magari ya Land Rover yaliyotengenezwa miaka ya 1960 na 1970. Yanabeba viazi, mbao na wagonjwa. Likifa moja, wenye gari wanachanga fedha lifufuliwe. Fedha hizo mara nyingi hupotea, maana spea zinanunuliwa kabla ya kupima.

Kwanza, injini inakufaje? Pwani maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukipanda Uporoto kwenda Tukuyu, yanachemka mapema zaidi. Kifuniko cha rejeta kinabana maji na mvuke ndani ili maji yachelewe kuchemka. Lakini wako madereva waliopoteza kifuniko, wanaziba kwa gunzi la mahindi! Gari limejaa viazi, mlima mkali, moshi unatoka, dereva anasema, "Twende tu, tumeshakaribia." Hapo hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, usiwashe tena.

Sasa anakuja fundi. Kabla hajafungua nati hata moja, anataja orodha: pistoni nne, ringi, beringi, gasketi. Mwambieni asubiri. Saizi ya pistoni haijulikani mpaka injini ifunguliwe na kupimwa.

Injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25 ina silinda nne. Silinda mpya ina upana wa milimita 90.47. Pistoni ikipanda na kushuka miaka mingi, silinda inapanuka. Ni kama kinu cha zamani, mchi unacheza ndani. Silinda inapelekwa kwenye karakana yenye mashine, inachongwa iwe duara safi, kisha inatafutiwa pistoni kubwa zaidi.

Krankshafti ni kinyume chake. Hii ni shafti nzito inayozungushwa na pistoni. Ikikwaruzika nayo inachongwa, lakini yenyewe inakuwa nyembamba. Kwa hiyo beringi zake lazima ziwe nene zaidi. Someni tena hapo, maana ndipo watu wengi wanapoibiwa.

Chukua beringi, igeuze, tazama mgongoni. Kuna maandishi madogo. STD maana yake ni saizi ya kiwandani, kwa shafti ambayo haijachongwa. Ukiona 010, beringi hiyo ni ya shafti iliyopunguzwa sehemu 10 kati ya sehemu 1,000 za inchi, yaani karibu milimita 0.25. Namba 020 ni karibu milimita 0.51. Beringi nyingine zinaandikwa kwa milimita moja kwa moja: 0.25 au 0.50. Milimita 0.25 ni kama karatasi tatu za daftari tu. Hata hivyo ukifunga beringi ya 010 kwenye shafti ya 020, oili itavuja pembeni, presha itashuka, na injini itaanza kugonga. Fedha ya viazi vya msimu mzima imekwenda. Mtu aliyemaliza kisomo anaweza kuisoma namba hiyo mwenyewe dukani, bila kumtegemea fundi.

Hedi nayo ilazwe rula ya chuma juu yake. Mwanga ukipenya chini ya rula, hedi imepinda, ipelekwe kusawazishwa. Bloku ikiwa imepasuka, mimi naona afadhali mtafute injini nyingine.

Tena msisahau rejeta. Ikiwa imeziba, na lile gunzi bado lipo, injini mpya itachemka mlima ule ule.

ZOEZI

1. Silinda ya milimita 90.47 imechongwa, ikaongezeka milimita 0.51. Sasa ina upana gani?

2. Karakana imeandika kwamba krankshafti imechongwa 020. Fundi ameleta beringi zilizoandikwa 010, naye anasema, "Zitakaa tu." Mtazipokea? Jadilianeni, na kila mmoja aandike sababu yake.