SOMO LA 14: WIMBO WA BINTI WA MCHIMBA MAKAA. JE, BADO UNASEMA KWELI?



Wimbo ni kama shahidi. Hutueleza mambo ambayo mtu aliyaona kwa macho yake. Lakini hata shahidi mwema huulizwa maswali. Katika somo hili tutamwuliza maswali shahidi mmoja kutoka Marekani.

Huenda umewahi kusikia redioni nyimbo za Jim Reeves au Dolly Parton. Muziki wao huitwa kauntri. Ni muziki uliotokana na watu wa mashambani na miji midogo ya Marekani, nao una wapenzi wengi hata hapa Afrika Mashariki. Wimbo tutakaousoma leo ni wa Loretta Lynn. Jina lake kwa Kiswahili ni "Binti wa Mchimba Makaa". Ulitoka mwaka 1970.

Mwimbaji na kwao

Loretta Lynn alizaliwa tarehe 14 Aprili 1932. Kwao ni bonde dogo liitwalo Butcher Hollow, katika jimbo la Kentucky. Karibu na bonde hilo kuna mji mdogo wa Van Lear. Mji huo ulijengwa na kampuni ya makaa ya mawe.

Makaa ya mawe si mkaa wa miti. Ni mawe meusi yanayowaka moto, nayo huchimbwa ardhini. Huendesha viwanda na mitambo ya umeme.

Baba yake Loretta, Melvin Webb, alikuwa mchimbaji wa makaa hayo. Pia alikuwa mkulima. Yeye na mkewe Clara walipata watoto 8. Loretta alikuwa wa pili.

Wimbo unaeleza nini?

Wimbo unaeleza maisha ya nyumba hiyo. Usiku baba yuko mgodini. Mchana yuko shambani analima mahindi. Mama anabembeleza watoto, na usiku anasoma Biblia kwa taa ya mafuta. Nguo anafua kwa mkono juu ya ubao hadi vidole vinatoka damu, wala halalamiki. Wakati wa joto watoto hawana viatu. Wakati wa baridi baba anauza nguruwe, kila mtoto anapata jozi mpya.

Mwimbaji hasemi maneno ya kuomba huruma. Anasema walikuwa maskini, lakini walipendana. Anajivunia kuwa binti wa mchimba makaa. Mwishoni anarudi kwao akiwa mtu mzima. Anakuta watu wamekwisha ondoka na nyumba imebaki gofu.

Je, mambo hayo yalikuwa ya kweli?

Ndiyo. Lakini tuangalie miaka. Wimbo unaeleza maisha ya miaka ya 1930 na 1940. Loretta aliondoka kwao mwaka 1948. Kampuni ilikuwa imekwisha acha kuchimba makaa Van Lear katika miaka hiyo ya 1940. Wazazi wake walihamia jimbo la Indiana mwaka 1955. Baba yake alifariki mwaka 1959.

Basi wimbo ulipotoka mwaka 1970, ulikuwa tayari ni kumbukumbu. Watu waliousikia redioni walidhani wanaona kijiji cha siku ile. Kumbe waliona kijiji cha miaka 30 iliyopita. Hilo ni jambo la kwanza la kukumbuka: wimbo una tarehe mbili. Kuna tarehe ya kutungwa, na kuna tarehe ya mambo yanayosimuliwa.

Mambo ambayo wimbo haukusema

Loretta alitunga beti nyingi zaidi. Mtayarishaji wa muziki wake, Owen Bradley, alimwambia azipunguze kwa sababu wimbo ulikuwa mrefu mno. Kwa hiyo tusishangae kuwa wimbo haukusema yote. Tutaje mambo matatu.

La kwanza ni mshahara. Katika miji mingi ya makampuni ya makaa, mchimbaji hakulipwa fedha za serikali. Alilipwa sarafu za kampuni. Sarafu hizo zilitumika katika duka la kampuni tu, na duka ndilo lililopanga bei. Nyumba nayo ilikuwa ya kampuni. Mtu alichuma kwa mkono wa kulia, kampuni ikachukua kwa mkono wa kushoto. Alikuwa na haki gani ya kubishana?

La pili ni ndoa. Loretta aliolewa Januari 1948 akiwa bado msichana mdogo. Mwaka huohuo alihamia na mumewe jimbo la Washington, maelfu ya kilomita mbali na mama yake, naye alikuwa na mimba. Kwa miaka mingi watu waliamini kuwa aliolewa akiwa na umri wa miaka 13. Mwaka 2012 waandishi wa habari walisoma hati za kuzaliwa na za ndoa. Hati zilionyesha kuwa alikuwa na miaka 15. Tazama faida ya maandishi! Wimbo na masimulizi hupita mdomoni. Hati hukaa mahali pake ikingoja mtu anayejua kusoma.

La tatu ni kifua cha baba. Mtu anayevuta vumbi la makaa kwa miaka mingi hupata ugonjwa wa mapafu. Mapafu hukauka na kuwa meusi. Mgonjwa hukosa pumzi hata akipanda ngazi chache. Melvin Webb alikuwa na ugonjwa huo. Hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni kuzuia vumbi.

Yaliyobadilika

Leo mtu akienda Butcher Hollow hataona maisha yale ya wimbo. Taa ya mafuta imeondoka, umeme umeingia. Mashine inafua nguo. Ile nyumba ya akina Webb imetengenezwa, na wageni hufika kuitazama. Hapo wimbo wenyewe umebadili mambo. Umesema nyumba imekwisha, na kwa sababu ya wimbo nyumba imesimama.

Kazi nayo imepungua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 jimbo la Kentucky lilikuwa na wachimba makaa zaidi ya 70,000. Miaka ya karibuni wamebaki elfu chache tu. Mashine zimechukua nafasi ya watu. Mitambo mingi ya umeme imeacha makaa na kutumia gesi. Vijana wengi wameondoka kutafuta kazi mahali pengine. Kwa hiyo watoto wengi wa milima ile leo si watoto wa wachimba makaa. Ni wajukuu na vitukuu vyao.

Yasiyobadilika

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Je, vumbi limekwisha?

Mwezi Novemba 1968 mgodi wa Farmington, katika jimbo jirani la West Virginia, ulilipuka na kuua watu 78. Mwezi Februari 1969 maelfu ya wachimbaji wa jimbo hilo waligoma wakidai fidia ya ugonjwa wa mapafu. Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilitunga sheria ya usalama wa migodi ya makaa. Sheria iliweka kiwango cha vumbi na fidia kwa wagonjwa. Ugonjwa ulipungua sana. Wengi walidhani utabaki katika nyimbo tu.

Lakini ulirudi. Mwaka 2018 madaktari walitangaza kuwa katika kliniki tatu tu za jimbo la Virginia, lililopakana na Kentucky, walipatikana wagonjwa 416 wa aina iliyo kali kuliko zote. Walionekana kati ya mwaka 2013 na 2017.  Sababu moja ni kwamba makaa mazuri na manene yamekwisha chimbwa. Yamebaki matabaka membamba. Mashine ikiyafuata hukata na mwamba wa pembeni, na vumbi la mwamba huo huharibu mapafu kuliko vumbi la makaa.

Basi jibu letu ni hili. Katika vitu vya nyumbani, wimbo hausemi tena hali ya leo. Taa, viatu na ubao wa kufulia ni mambo ya zamani. Lakini katika jambo kubwa wimbo bado ni wa kweli: baba anauza pumzi yake ili watoto wale. Na jambo hilo ndilo wimbo ulilolitaja kwa sauti ndogo kuliko yote.

Tujihadhari

Wimbo mzuri una hatari moja. Unaweza kufanya umaskini uwe mtamu. Tunasikia kuwa mama hakulalamika, nasi tunamsifu. Ni sawa kumsifu. Lakini vidole vilivyotoka damu vilihitaji maji ya bomba na mashine, siyo sifa tu. Baba alihitaji hewa safi mgodini. Upendo uliitunza nyumba ile, lakini haukuweza kuzuia vumbi. Lililozuia vumbi ni wachimbaji kukutana, kudai, na sheria kuandikwa. Sheria ilipolegezwa au kukwepwa, vumbi lilirudi.

Loretta Lynn hakudanganya. Alifariki tarehe 4 Oktoba 2022 akiwa na umri wa miaka 90, na mambo mengi yaliyobaki nje ya wimbo aliyaeleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1976. Wimbo ulieleza mapenzi ya mtoto kwa wazazi wake. Kazi ya kuuliza yaliyosalia ni ya msikilizaji.

Kila unaposikia wimbo unaosifu kijiji au mji mdogo, uliza maswali manne:

1. Unaeleza mambo ya miaka gani?
2. Nani anaimba, na alikuwa wapi alipoutunga?
3. Nani yumo ndani ya wimbo lakini haongei?
4. Kuna hati au watu wa kuthibitisha?

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini tunasema wimbo una tarehe mbili?
2. Sarafu za kampuni zilimdhuru vipi mchimbaji?
3. Kwa nini ugonjwa wa mapafu ulirudi baada ya kupungua?
4. Mama katika wimbo halalamiki. Angepewa nafasi ya kutunga ubeti mmoja, unadhani angesema nini?
5. Chagua wimbo mmoja unaosifu maisha ya kijijini kwenu. Ni yapi bado ya kweli? Ni yapi yamepitwa? Ni yapi hayakutajwa kabisa? Andika sentensi tano, kisha uwasomee wenzako darasani.