Bunduki ya Kivita na Haki ya Raia

Tarehe 14 Desemba 2012, katika mji wa Newtown huko Marekani, kijana mmoja aliingia katika shule ya watoto wadogo akaua watoto 20 na watu wazima 6. Watoto hao walikuwa wa miaka 6 na 7. Bunduki aliyoitumia ilikuwa ya namna ya AR-15, nayo ilikuwa imenunuliwa kwa halali. Tangu siku ile wazazi wengi, wa huko na wa kwetu, wameuliza: Yawezekanaje nchi yenye sheria kuacha chombo kama hicho kikae nyumbani mwa raia? Je, katiba yao yakilinda kweli? Leo twataka kulitazama swali hilo, si kwa hasira, bali kwa kupambanua jambo moja baada ya jingine.

Kwanza yafaa tujue maneno ya katiba. Kwetu Tanzania bunduki ni jambo la kibali: mtu huomba, na serikali hutoa au hukataa. Marekani sivyo. Mwaka 1791 watu wa nchi hiyo waliongeza katika katiba yao vifungu 10 vya kulinda haki za raia. Kifungu cha pili ni sentensi moja tu. Mwanzo wake wataja jeshi la mgambo lenye utaratibu mwema, kwamba ni la lazima kwa usalama wa nchi huru. Mwisho wake wasema kwamba haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzichukua isivunjwe.

Tusistaajabu. Watu wale walikuwa wametoka karibuni katika vita vya kujiondoa chini ya mfalme wa Uingereza, na wengi wao waliogopa jeshi la kudumu la serikali. Walimtegemea mgambo, ambaye alikuja na bunduki yake mwenyewe kutoka nyumbani. Tena siku zile bunduki ya mkulima na ya askari hazikuachana sana. Mtu alipiga risasi moja, kisha alisimama kujaza tena baruti.

Leo zimeachana. AR-15 iliundwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na Eugene Stoner wa kampuni ya ArmaLite. Jeshi la Marekani likaichukua, likaiita M16, na askari wakaenda nayo Vietnam. Ile ya jeshi yaweza kumimina risasi mfululizo maadamu kidole kimebana. Ile iuzwayo kwa raia hujijaza yenyewe, walakini hutoa risasi moja tu kwa kila mvuto wa kidole. Hapo ndipo mabishano yanapozaliwa. Wengine husema kwamba hii ni bunduki ya kawaida iliyovikwa mavazi ya askari. Wengine husema kwamba ni bunduki ya askari iliyopunguzwa kidogo.

Je, mahakama zimesema nini? Mwaka 1939 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la watu waliosafirisha bunduki ya marisau iliyokatwa mtutu. Ilisema kwamba haikuonyeshwa jinsi chombo hicho kifaavyo kazi ya mgambo, basi katiba haikilindi. Msomaji mwenye kufikiri ataona mara moja shida yake: kwa hoja hiyo, kadiri bunduki ifaavyo vita, ndivyo ingestahili kulindwa zaidi.

Mwaka 2008, katika shauri la Heller, Mahakama hiyohiyo ilishika njia nyingine. Majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba haki hiyo ni ya kila raia, hata asiyekuwa mgambo, na kwamba kiini chake ni kujilinda, hasa nyumbani. Walisema kwamba silaha zilindwazo ni zile ambazo raia watii wa sheria huwa nazo kwa kawaida. Walisema pia kwamba haki hiyo ina mipaka, na kwamba silaha za hatari zisizo za kawaida zaweza kukatazwa. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu hiyo, alikubali kwamba huenda hata M16 yaweza kupigwa marufuku. Basi kipimo kiligeuka: ile ifaayo zaidi vita sasa yaweza kuwa nje ya ulinzi wa katiba.

Lakini AR-15 ya raia iko upande gani? Tusikilize pande zote mbili kwa haki.

Wanaoitetea husema kwamba mamilioni ya bunduki hizo yamo nyumbani mwa watu wasio na hatia, wanaozitumia kwa shabaha, kwa uwindaji na kwa ulinzi. Basi ni za kawaida. Tena husema, nao wasema kweli, kwamba mauaji mengi ya bunduki huko hufanywa kwa bastola, na bastola zimekwisha kulindwa na Mahakama.

Wanaoipinga hujibu kwamba wingi peke yake hauwezi kuwa sheria. Kama kiwanda kikiuza upesi kabla bunge halijaamka, je, biashara ndiyo itakayofasiri katiba? Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilikataza kutengeneza na kuuza nyingi za bunduki hizo, lakini sheria hiyo ilikoma mwaka 2004. Baadhi ya majimbo, kama Maryland, yaliweka marufuku yao wenyewe. Mwaka 2024 mahakama ya rufani iliyoko Richmond iliithibitisha sheria ya Maryland, ikisema kwamba silaha hizo ni za kivita na zapita haja ya kujilinda.

Tarehe 2 Juni 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kulisikiliza shauri hilo la Maryland. Majaji 3 walitaka lisikilizwe; wa nne, Jaji Kavanaugh, alikubali kuliacha kwa wakati ule, lakini akasema kwamba Mahakama yapaswa kulishika jambo hilo karibuni. Yatupasa tuelewe vema: kukataa kusikiliza si kuamua. Asemaye kwamba siku ile Mahakama iliihalalisha bunduki hiyo akosea. Naye asemaye kwamba iliiharamisha akosea vilevile.

Sisi twaona hivi. Ikiwa haki hiyo msingi wake ni kujilinda, basi haja ya kujilinda ndiyo kipimo chake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha zamani kwamba mtu aweza kuzuia nguvu kwa nguvu, walakini akitumia nguvu kupita ihitajiwavyo, amekosa. Hiyo si sheria ya majaji wa Marekani, bali ni akili njema ambayo mtu wa dini yoyote aweza kuipokea. Hatumdharau mkulima akaaye mbali na polisi na kuweka bunduki kwa ajili ya jamaa yake. Lakini wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, kwa kuwa ajikataye atajifunza. Bunduki si wembe. Kosa la mmoja hulipwa na mtoto wa mwingine. Kwa hiyo twaamini kwamba bunge laweza kuiwekea mpaka silaha iliyotokana na ile ya vita, pasipo kuivunja haki ya raia ya kulinda nyumba yake.

Jambo moja la mwisho ni letu wazazi, hata tukae nchi gani. Bunduki ya Newtown haikutoka kwa magendo. Ilitoka katika nyumba ya kijana yule mwenyewe, na mama yake ndiye aliyeinunua kwa kufuata sheria. Sheria yaweza kumruhusu mtu kuwa na chombo, lakini haimwondolei wajibu wa kuuliza ni nani akaaye nacho chini ya paa moja. Swali hilo halingoji majaji.