Kabla Hujaomba Vidonge Vinne

Mtoto ana mafua, anakohoa, usiku halali. Kukicha, mzazi anapitia duka la dawa na kuomba vidonge vinne vya antibaiotiki vya rangi mbili, kwa kuwa pesa ya dozi nzima haijapatikana. Ni jambo la kila siku hapa Kakamega, na hatumlaumu mzazi anayehangaikia mwanawe. Ila vidonge hivyo havimsaidii mtoto, na vinaweza kumdhuru baadaye.

Mafua huletwa na virusi. Antibaiotiki huua bakteria tu. Virusi haviguswi nazo. Hata malaria, tunayoishi nayo huku Magharibi mwaka mzima, ina vijidudu vyake na dawa yake. Antibaiotiki ikimezwa bila sababu, huua bakteria dhaifu waliomo mwilini. Wanaoistahimili hubaki, huzaana na kuwaambukiza wenzao usugu huo. Kisha mtoto akipata nimonia ya kweli, dawa ya bei nafuu inagonga mwamba, na familia inaanza kutafuta pesa za sindano ghali na siku nyingi za wodi. Mwaka 2019 pekee, maambukizi sugu ya bakteria yaliua watu wapatao 1,270,000 duniani.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya au kula. Mara nyingi hahitaji antibaiotiki kama Flagyl. Lakini ukiona damu kwenye kinyesi, anapumua mbiombio, kifua kinabonyea ndani, ana degedege au amekataa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Akiandikiwa antibaiotiki huko, mpe kama alivyoelekeza daktari, kwa siku zote alizotaja, na usimgawie nduguye.

Sasa tugeukie kuku, maana boma gani la Kakamega halina kuku? Wakianza kusinzia, wengi wetu tunamwaga unga wa antibaiotiki kwenye maji yao. Kideri, ugonjwa unaofagia banda zima, ni wa virusi na hausikii dawa hiyo. Kinga yake ni chanjo, ambayo huweza kutolewa kwa tone la jicho kabla ugonjwa haujaingia. Ng'ombe aliyetibiwa kiwele naye, maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa mpaka ziishe siku alizotaja daktari wa mifugo. Mbolea ya mifugo iliyopewa dawa hizi huweza kubeba bakteria sugu hadi shambani na kwenye chemchemi tunakochota maji, kwa hiyo irundike mbali na chemchemi na unawe mikono kwa sabuni ukitoka bandani.

Serikali ya Kenya ilitoa mpango wake wa kwanza wa kitaifa dhidi ya usugu wa dawa mwaka 2017, na antibaiotiki ni dawa za kuuzwa kwa cheti cha daktari. Sheria hiyo inavunjwa kwenye kaunta kila siku, nasi wanunuzi tuna mkono wetu humo. Ukifika dukani, uliza: ugonjwa huu umepimwa? Ni wa bakteria? Kama hakuna anayeweza kukujibu, mpigie mhudumu wa afya wa kijiji chako au nenda zahanati kwanza. Vidonge vilivyobaki nyumbani usivitupe chooni wala kumpa jirani. Vipeleke kituo cha afya uelekezwe namna ya kuviharibu.