Kabla Hujalipa Karo ya MBA

Wadogo zangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu jambo moja: MBA. Nisomee hapa hapa Mombasa au nipande Nairobi? Chuo cha umma au cha binafsi? Na nikimaliza, kazi ipo? Nitawajibu wote, ila naanza na binti wa Mishomoroni kwa sababu lake halingoji.

Binti huyu alimaliza shahada ya biashara mwaka jana. Ametuma maombi ya kazi mpaka amechoka, hajaitwa popote. Sasa baba yake amepata mnunuzi wa kiwanja cha familia, pesa zikitoka amlipie MBA, kwa imani kwamba shahada ya pili italeta kazi ambayo ya kwanza imeshindwa kuileta.

Mdogo wangu, mzee asitie saini. Mwendee jioni akiwa ametulia, umshukuru kwanza, maana baba anayekubali kuuza ardhi kwa ajili ya elimu ya bintiye anastahili shukrani. Kisha umweleze hivi: MBA ni masomo ya mtu ambaye tayari ana kazi. Darasani mhadhiri haishii kwenye kitabu, anauliza, "Kwenu kazini mnafanyaje?" Wa benki anajibu, wa hoteli anajibu, wa bandarini anajibu, na wewe ambaye hujawahi kushika hata daftari la malipo utabaki kunakili. Ukitoka hapo, mwajiri ataona shahada mbili na uzoefu sufuri, na atahofia mambo mawili: utataka mshahara wa meneja, na hujui kazi ya karani. Nimewaona vijana walioficha shahada ya pili kwenye wasifu wao ili tu waitwe kwenye mahojiano. Inauma.

Pesa kidogo ya kiwanja hicho, wala si kiwanja chote, ingekufikisha mbali zaidi ukisomea cheti cha kazi yenyewe. Mombasa ni mji wa mizigo. Kuna cheti cha Afrika Mashariki cha mawakala wa forodha, kile kinachoitwa EACFFPC, ambacho hapa Kenya kinafundishwa na KESRA, shule ya mamlaka ya kodi, KRA, nayo ina kampasi Mombasa. Kama unapenda hesabu, kuna CPA ya KASNEB, unaifanya sehemu kwa sehemu kadiri mfuko unavyoruhusu. Kama ni ununuzi na ugavi, kuna mitihani ya CIPS, na hapa kwetu mtu wa ununuzi anatakiwa awe na leseni ya KISM. Karatasi hizi ndizo zinazokutoa mlangoni na kukuketisha kwenye dawati. MBA utaikuta mbele, ukiwa na mshahara wako na maswali yako mwenyewe.

Sasa nije kwa wale walioko kazini tayari. Kijana wa Mtongwe anafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mwaka wa nne huu. Anauliza achague kati ya chuo cha Mombasa na Strathmore ya Nairobi, "ile ya wakubwa," kama alivyoandika. Rafiki zake wamegawanyika. Mimi namuuliza swali moja tu: kiti unachokitaka kinatolewa wapi?

Maana yangu ni hii. Kuna viti vinavyotolewa Mombasa na kuna viti ambavyo viko Mombasa lakini vinatolewa Nairobi. Kampuni ya mizigo ya mwenyeji, hoteli ya familia, shule, hospitali, kiwanda cha Changamwe ambacho mwenyewe anakaa Nyali: huko anayeamua anakujua au anamjua anayekujua. Mtu huyo hapimi jina la chuo. Anataka kujua kama umesoma kweli na kama mizigo yake ilitoka kwa wakati ulipokuwa zamu. Kwa kiti cha namna hiyo, soma Mombasa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, TUM, kilichokuwa Mombasa Poli kabla ya kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, kiko umbali wa matatu moja. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kilipata hati yake mwaka huo huo, na kwa mtu wa Kisauni anayeelekea upande wa Mtwapa si mbali. Vyuo vya bara navyo vimefungua kampasi mjini. Wanafunzi wenzako watakuwa watu wa bandari, wa kaunti, wa benki za Digo Road. Hao ndio watakaokupigia simu nafasi ikitokea.

Mashirika ya umma yana utaratibu wake. Soma matangazo ya kazi ya Mamlaka ya Bandari, ya KRA, ya kaunti. Kuanzia ngazi za meneja kwenda juu utakuta wameandika shahada ya uzamili kutoka chuo kinachotambulika, miaka kadhaa ya uzoefu, na uanachama wa chombo cha taaluma. Hawaandiki Strathmore wala hawaandiki TUM. Kwa kiti cha umma, kulipa zaidi ya milioni moja kwa ajili ya jina ni kujitwisha mzigo ambao tangazo halikuuomba.

Lakini benki kubwa, kampuni za meli za kigeni, kampuni za simu, mashirika ya kimataifa: hata kama ofisi iko Moi Avenue hapa Mombasa, uamuzi wa nani awe mkuu wa kanda mara nyingi unafanyika Nairobi. Huko jina la chuo na watu uliosoma nao vina uzito, tusidanganyane. Strathmore Business School ilianza mwaka 2005 ikishirikiana kwa karibu na shule ya biashara ya IESE ya Barcelona, na darasa lake la watendaji limejaa mameneja walioko kazini. USIU ya Nairobi ina ithibati ya Marekani pamoja na ya Kenya, jambo la maana kwa mtu mwenye nia ya kutoka nje. Kama ndoto yako iko huko na mwajiri anasaidia karo, nenda, wala usimwonee mtu haya.

Kijana wa Mtongwe, wewe hukutaja mlango wa tatu, nami nadhani ndio wako. Kazi yako ni mizigo ya kupita, na Uganda ndiyo mteja mkubwa kuliko wote wa mizigo ya kupita kwenye bandari yetu. Je, umefikiria Makerere University Business School pale Nakawa, Kampala? Au ESAMI ya Arusha, taasisi ya serikali za Afrika Mashariki na Kusini, ambayo darasani utaketi na watu wa nchi nyingi? Au shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Mwenzako wa darasani wa Kampala anaweza kuwa ndiye anayeagiza nondo, mafuta ya kula au mitumba. Kesho kontena lake likikwama, atamtafuta anayemjua Mombasa. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu mwaka 2017, kwa hiyo kuvuka mpaka kwenda kusoma si jambo la ajabu tena. Ila uliza kabisa ratiba ya kuhudhuria na karo ya mwanafunzi wa Kenya, kwa maandishi, kabla hujaomba ruhusa kazini.

Wote mnisikilize kuhusu uhakiki. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo inayoidhinisha vyuo na programu zake, na hutambua pia shahada za nje. Usiulize tu kama chuo kina hati. Uliza kama kozi hii, kwenye kampasi hii unayoiingia, imeidhinishwa. Januari 2016 tume iliamuru Chuo Kikuu cha Kisii kifunge kampasi zake kumi, na wanafunzi waliokuwa wamelipa na kusoma karibu na kwao wakajikuta hawana pa kuketi. Makao makuu yako salama, tawi limefungwa. Kampasi ya mjini iliyo juu ya maduka inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini thibitisha mwenyewe. Ukiambiwa "barua iko njiani," ngoja barua ifike ndipo ulipe.

Kuhusu kazi zenyewe, naomba tusisahau yaliyotupata. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013. Reli mpya ilianza kubeba abiria mwaka 2017, kisha mizigo ikaelekezwa Nairobi kwa amri, na maghala ya makontena ya Changamwe na Miritini yakapungukiwa. Madereva, makarani, wasimamizi wenye shahada zao, wote waliguswa. Watu waliandamana barabarani mwaka 2019. Septemba 2022 Rais Ruto alitangaza siku ya kuapishwa kwake kwamba utoaji wa mizigo unarudi Mombasa. Miaka ile ilimwonyesha kila mtu wa bara la Mombasa kwamba amri moja ya Nairobi inaweza kuhamisha kazi ya maelfu.

Ndiyo maana nawasihi mtazame masomo ya kuchagua ndani ya MBA kuliko jina lililo juu ya lango. Fedha, uchambuzi wa takwimu, ugavi: haya yanahama nawe. Ghala likifungwa Miritini, mtu wa fedha anaingia hospitali, anaingia ushirika, anaingia eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu linalojengwa upande wa Likoni. Aliyebobea kwenye utaratibu wa ghala moja tu ataanza upya.

Tena kuna suala la mwili na saa. Wengi hulidharau mpaka muhula wa pili. Darasa la jioni linaanza saa kumi na moja na nusu, na saa hiyo watu wanarudi Likoni kwa maelfu. Wewe unayekaa Likoni na kufanya kazi Changamwe utakuwa kisiwani mpaka saa mbili au saa tatu usiku, halafu kivuko, halafu tuktuk. Barabara ya Dongo Kundu imekupa njia ya kutoka Miritini hadi upande wa kusini bila kupanda feri, lakini haipiti Tudor. Nenda siku moja ya kazi, saa ile ile ya darasa, ufanye safari nzima kabla hujajisajili. Na wewe wa Nairobi wa wikendi: treni ya Miritini ya daraja la kawaida imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, kwenda tu. Ongeza kurudi, ongeza gari la kukufikisha mjini, ongeza pa kulala, uzidishe kwa wikendi zote za masomo. Hesabu hiyo haimo kwenye karatasi ya karo.

Halafu kuna lile linalowakwamisha watu wengi kuliko karo, nalo ni mradi wa utafiti. Masomo ya darasani mtu humaliza. Kisha inabaki kazi ya kuandika, msimamizi hapatikani, mada haieleweki, miaka inapita, na chuo kinaendelea kudai ada. Unapochagua chuo, tafuta waliomaliza, si waliojiunga. Waulize msimamizi alikuwa anajibu baada ya muda gani, na kutoka darasa la mwisho hadi mahafali ilichukua miezi mingapi. Chuo ambacho wahitimu wake wanasita kujibu swali hilo, kiache.

Na mada iokote mezani kwako. Kijana wa Mtongwe, chukua faili za kampuni yenu za mwaka mmoja, kwa ruhusa ya bosi. Tafuta makontena yaliyopitisha siku za bure na kuanza kulipiwa ada ya kuhifadhiwa bandarini. Angalia kila moja lilikwama wapi: hati ya meli ilichelewa, kodi ilibishaniwa, mteja hakuwa na pesa, au karani wenu aliandika tarakimu vibaya? Pesa ngapi zilipotea kwa kila sababu? Huo ni mradi kamili wa MBA, msimamizi ataufurahia, na siku ukiuweka mbele ya mwenye kampuni utakuwa umemwonyesha pesa zake zinavujia wapi. Hakuna cheti kinachozungumza hivyo.

Mama wa Magongo aliyeuliza kuhusu mkopo: HELB hutoa mkopo wa uzamili, lakini usiudhanie ule wa shahada ya kwanza. Uliza riba yake na dhamana inayotakiwa kabla hujatia saini. Mimi ningeanza na mwajiri. Mwombe mambo matatu kwa barua: sehemu ya karo, ruhusa ya kutoka mapema siku za darasa, na zamu zisizogongana na mitihani. Akikubali karo atataka uahidi kumtumikia muda fulani baadaye, nayo si vibaya, ila muda huo uandikwe, na iandikwe pia kama cheo au mshahara utabadilika ukihitimu. Wasimamizi huhama. Aliyekuahidi kwa mdomo leo anaweza kuwa Nairobi wakati unamaliza. Barua ipigwe muhuri, nakala moja ibaki kwenye faili lako la utumishi, nyingine uiweke nyumbani pamoja na risiti za karo.