Kichanga Anajua Mkono Wake na Wako

Mdogo wangu wa Tukuyu, ujumbe wako nimeusoma. Mtoto ana wiki mbili, na mama mkwe anakwambia unajichosha kumsemesha kwa kuwa kichanga hajijui yeye wala hakujui wewe. Namheshimu, amelea wengi. Ila kwa hili sikubaliani naye.

Jaribu leo. Mtoto akiamka na kanjaa kidogo, kabla hajaanza kulia, nawa mikono, kisha pitisha kidole taratibu kwenye shavu lake, karibu na mdomo. Atageuza kichwa na kuachama akitafuta ziwa. Halafu mwangalie mkono wake mwenyewe unapogusa shavu lilelile: huenda asigeuke sana. Mwaka 1997 watafiti Philippe Rochat na Susan Hespos walilipima jambo hili kwa watoto wasiomaliza hata siku moja duniani. Kidole cha mtu mwingine kiliwageuza karibu mara tatu zaidi ya mkono wao wenyewe. Akijigusa, shavu linahisi mkono na mkono unahisi shavu kwa wakati mmoja. Ukimgusa wewe, linahisi shavu peke yake. Hapo ndipo mwili unapoanza kutofautisha changu na cha mwenzangu. Sisemi kwamba amelala anajiuliza yeye ni nani. Hayo huja baadaye sana.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Baridi ya huko kwenu Rungwe naijua, hasa Juni na Julai, na kofia na blanketi ni lazima. Lakini mtoto akifungwa mikono ndani ya blanketi kutwa nzima, tena na soksi za mikono, atajigusa saa ngapi? Chumba kikipata joto, au akiwa kifuani pako ngozi kwa ngozi mmejifunika kitenge, mwachie mikono. Kama unaogopa atajikwaruza, mkate kucha.

Na sauti yako ameizoea tangu tumboni. Mwaka 1980 DeCasper na Fifer waliwapa vichanga wasiozidi siku tatu chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti. Namna walivyonyonya ndiyo iliyoamua wasikie sauti ipi, nao wakaitafuta ya mama zao kuliko ya mama mwingine. Msemeshe basi, kwa Kinyakyusa au Kiswahili, hata ukiwa unamenya ndizi.

Uliniandikia pia kwamba mtoto wa dada yako alijaribiwa kwenye kioo na hakuonyesha kujitambua; hilo lisikukoseshe usingizi. Katika utafiti uliochapishwa 2011, watoto 82 wa vijijini Kenya, wengine wakikaribia miaka sita, waliwekewa alama usoni na kuonyeshwa kioo, ili ionekane kama watajitambua na kuigusa. Wawili tu ndio waliojigusa alama. Wengi walisimama kimya wakijitazama. Nani atathubutu kusema mtoto wa miaka mitano hajijui?

Mama mkwe usibishane naye. Msalimie, mpe mjukuu wake, mwombe apitishe kidole mwenyewe. Na ukiona mtoto hashtuki kabisa hata sufuria ikianguka, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali akapimwe masikio.