Njia Kabla ya Jibu: Masharti ya Somo la Hisabati Chuoni

Mwanachuo aanzaye somo la hisabati chuoni huja na desturi ya zamani: jibu likiwa sahihi, kazi imekwisha. Katika somo hili haitoshi. Kila swali lionyeshwe njia. Jibu tupu, hata likiwa sahihi, halitafikia nusu ya alama.

Sharti hili huwaudhi wengi, basi na tulieleze. Chukua 52 − 38. Mtoto mmoja ameandika 26, mwingine 24. Mwalimu atazamaye jibu peke yake atawakosesha wote wawili sawasawa, ilhali makosa yao ni mbalimbali. Wa kwanza ametoa 2 katika 8, kwa kuwa amezoea kutoa namba ndogo katika kubwa. Hajajua bado kufungua kumi. Huyo apewe mafungu ya vijiti kumi kumi, afungue fungu moja kwa mikono yake mwenyewe. Wa pili amefungua, akapata 12 − 8 = 4, lakini amesahau kwamba makumi yamebaki manne. Huyu hana haja ya vijiti. Afundishwe kuandika 4 juu ya 5.

Kwa hiyo daftari likirudishwa, mwanachuo ataandika kando ya kila kosa lake chanzo cha kosa hilo. “Nilisahau” pekee si chanzo; aseme alisahau nini.

Kujadiliana na wenzenu mnaruhusiwa, tena yafaa, kunakili, hapana. Kazi iliyochelewa itapokewa mradi maswali yake hayajafanywa ubaoni.