Pima Silinda Kabla ya Kununua Ringi

Noah inayoleta abiria na magunia hapa kwetu Mjimwema kutoka vijijini hula vumbi kiangazi kizima. Ikianza kutoa moshi wa bluu, mwenye gari huambiwa alete seti ya ringi. Analeta, injini inafungwa, na haupiti muda moshi umerudi. Hela ya mahindi ya msimu mzima imeteketea. Inaniuma, kwa sababu kujua mapema kama silinda zimelika ni kazi ya nusu siku tu.

Hedi ikiwa bado imefungwa, pima kompresheni. Silinda iliyosoma chini itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Ikipanda, ringi au silinda zimelika. Isipopanda, kaangalie valvu na gasketi.

Ukishafungua, pitisha ukucha ndani ya silinda, karibu na mdomo. Ukikwama kwenye ukingo, ujue hapo juu ringi haifiki, na chini yake chuma kimekwisha. Silinda huliwa zaidi sehemu hiyo, kwenye joto kali na oili haba.

Imeliwa kiasi gani? Kama huna geji ya silinda, toa pistoni, chukua ringi moja ya juu, itumbukize, kisha isukume kwa kichwa cha pistoni ili ilale sawa. Pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji: kwanza chini kabisa, ambako ringi hazisugui, halafu chini kidogo ya ule ukingo. Tofauti igawanye kwa 3.14. Tuseme chini umepata milimita 0.35 na juu 0.65, tofauti ni 0.30, yaani silinda imepanuka karibu milimita 0.1. Kwa injini ya 3S, ambayo kipenyo chake kipya ni milimita 86, mimi nikiona hivyo siruhusu ringi mpya zifungwe humo. Bloku iende kuchongwa, na pistoni za ovasaizi zinunuliwe kwanza, mchongaji azipime mkononi. Ringi haitakuonesha silinda iliyokuwa kama yai. Hilo mwachie yeye na geji yake.

Silinda ikiwa bado nzima, pistoni isafishe bila brashi ya chuma, maana alumini ni laini. Mistari myembamba ya wima kwenye sketi ni vumbi; michubuko mizito ni joto au ukosefu wa oili. Ingiza ringi mpya kwenye mfereji wake: fila ya 0.15 ikipita kando yake, pistoni hiyo imekwisha. Kagua pia nyufa kwenye tundu la pini.

Uso wa bloku ulazie rula ya chuma iliyonyooka. Fila ya 0.05 isipite popote.

Halafu, kabla hujafunga chochote, futa kwa kitambaa cheupe ndani ya bomba la hewa, upande wa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, tafuta mpira uliopasuka au klipu iliyolegea, ubadilishe siku hiyo hiyo.